Bangili ya "Mlima Unawaka"

1.

BUUUUUU!

Hivyo ndivyo umati ulivyomzomea Perpetua Nasimiyu, fundi cherehani mstaafu, umri miaka sabini, mama aliyeshonea nusu ya mji wa Kitale sare za shule. Umati wenyewe haukuwa wa watu. Ulikuwa ndani ya mashine ya gemu. Na wimbo ambao mashine ilisema hawezi kuupiga ulikuwa

2. Kilichoandikwa kwenye skrini, Jumatatu, saa nne asubuhi

WIMBO: Mlima Unawaka
BENDI: Radi Tano (Kitale, 1976)
GITAA: L. Wekhomba
MCHEZAJI: MGENI
NOTA ULIZOPATA: 12 kwa mia
UKUTA: 0 kati ya 11
MATOKEO: UMESHINDWA
USHAURI: Jaribu wimbo rahisi zaidi.

3.

wake.

Wimbo ulikuwa wake. Sisemi hivyo kwa kuwa aliupenda sana. Lile gitaa la umeme linaloanza peke yake, likikoroma kabla ya ngoma kuingia, alilipiga yeye kwa mikono yake miwili, akiwa na miaka ishirini na miwili na gauni aliloshona mwenyewe.

"Wimbo rahisi zaidi," alisoma kwa sauti, miwani imemteremka puani. Akamgeukia Fidelis Barasa, mwenye kibanda cha gemu, mtu wa makamo ambaye zamani alikuwa fundi wa redio. "Fidelis, hii mashine inanijua?"

"Haimjui mtu, Mama."

"Basi iambie huu wimbo niliupiga mimi."

Fidelis alicheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka kwa mama wa rika la mama yake. Halafu akaona kwamba mama hacheki, akaacha.

4. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuigusa gemu hii

Inaitwa Vidole vya Moto. Unapewa gitaa la plastiki lisilo na uzi hata mmoja. Shingoni kuna vitufe vitano vya rangi, na pale nyuzi zingekuwepo kuna kibao kimoja cha kupigia. Wimbo unaanza, nota za rangi zinateremka kwenye skrini, na kila nota ikigusa mstari wa chini unabonyeza rangi yake na kupiga kibao. Ukipatia, umati wa mashine unashangilia. Ukikosa, unakuzomea.

Ni hayo tu. Hakuna muziki hapo, kuna utii. Ndiyo maana wapiga gitaa wa kweli huaibika sana mbele yake.

5. TANGAZO

Kamati ya Kumbukumbu za Muziki wa Zamani inawatangazia wakazi wote kwamba santuri ya "Mlima Unawaka" ya bendi ya Radi Tano itatolewa upya (TOLEO LA PILI).

Kwa kusherehekea tukio hilo, kutakuwa na mashindano ya gemu ya Vidole vya Moto siku ya Jumamosi, Ukumbi wa Mahindi, kuanzia saa saba mchana. Wimbo ni huo mmoja kwa wote. Mgeni wa heshima: Mzee Livingstone Wekhomba, kiongozi na mpiga gitaa wa bendi.

Majina ya wanamuziki yatakayochapwa kwenye jalada jipya yatafungwa siku hiyohiyo saa kumi kamili jioni. Baada ya hapo hakuna jina litakaloongezwa wala kuondolewa.

6. Barua iliyomfikia Perpetua siku tatu kabla ya kuingia kibandani

Kwa Bi. Perpetua Nasimiyu,

Barua yako imepokelewa na kusomwa kikaoni. Kamati inathamini mapenzi yako kwa muziki wa zamani. Hata hivyo, jalada la mwaka 1976 linaonyesha wanaume wanne na halikutaji. Picha hakuna. Fundi mitambo aliyerekodi ameshafariki. Mzee Wekhomba, alipoulizwa, alisema anakumbuka kwamba ulikuwa *ukiwashonea mashati*.

Ikiwa una ushahidi mwingine wowote, uwasilishe kabla ya muda uliotajwa.

Wako katika ujenzi wa kumbukumbu,

(sahihi haisomeki)

7.

Mashati.

8. Karatasi ya studio, 1976

*(Karatasi hii haipo tena. Panya waliimaliza zamani. Wewe ndiye pekee unayeisoma.)*

Wimbo: Mlima Unawaka. Jaribio la tatu. Muda: dakika nne na sekunde sita.
Gitaa: yule msichana.
Tatizo: bangili yake inagonga ubao wa gitaa. Inasikika.
Ameombwa aivue. Amekataa.
Ameombwa tena, kwa sauti kubwa, na kiongozi wa bendi. Amekataa tena, kwa sauti ndogo.
Uamuzi: tuache hivyohivyo. Muda wa studio umekwisha.

9.

Kuhusu bangili.

Ni ya shaba, nzito, imelegea kidogo. Bibi yake alimvisha mkono wa kulia mwezi mmoja kabla hajaaga dunia, na katika ukoo wao bangili hiyo haivuliwi hivihivi. Aliyevishwa huivua siku moja tu, siku anapompata wa kumvisha. Perpetua amejifungua watoto watatu akiwa nayo, ameshona nayo, amefukuza nayo mwizi wa kuku. Wewe unafikiri angeivua kwa sababu Livingstone Wekhomba amemfokea mbele ya kipaza sauti?

10. Sheria za kibanda cha Fidelis, zimebandikwa ukutani

1. Soda usiweke juu ya mashine.
2. Ukishindwa usilaumu gitaa.
3. Kabla ya kushika gitaa VUA SAA, PETE NA BANGILI. Vinakwaruza plastiki.
4. Usimzomee mwenzako, mashine itamzomea.

11.

"Hiyo bangili, Mama."

"Haivuliwi."

"Ni sheria."

"Nimeisoma. Imeandikwa vizuri. Haivuliwi."

Mwishowe Perpetua alitoa mkobani kipande cha kitambaa cha sare, buluu ya shule ya msingi, akaisukuma bangili juu karibu na kiwiko na kuifunga kwa mafundo mawili ya fundi. Haikutikisika tena. Fidelis aliridhika. Jambo dogo kabisa, likumbuke.

12. Jumanne

31 kwa mia. Ukuta: 0 kati ya 11.

13. Sauti zilizosikika kibandani kati ya saa nane na saa tisa

"Huyo kukhu bado anacheza?"

"Muite Mama Nasimiyu, sio bibi yako."

"Ni bibi ya kila mtu. Sare yangu ya darasa la kwanza alishona yeye."

"Amefika Ukuta?"

"Amefika. Ukuta umemkataa kama sisi wote."

"Hizo nota kumi na moja ni za shetani, aki. Mimi nimecheza hii ngoma mara mia mbili."

"Sio mdundo. Ni katikati ya midundo. Nani anapiga gitaa katikati ya midundo?"

14.

Ukuta ni sehemu ya wimbo inayoanza dakika mbili na sekunde arobaini na saba. Hapo nota za rangi zinateremka kama kawaida, ila katikati yake inajipenyeza mistari kumi na moja ya zambarau. Mstari wa zambarau hautaki kidole chochote. Unataka upige kibao tu, mkono mtupu. Na hauji pale ambapo mwili wa binadamu unautarajia.

"Uliiweka wewe?" Perpetua alimuuliza Fidelis.

"Mimi? Hapana, Mama. Santuri ni ya marehemu baba. Niliipiga, kompyuta ikasikiliza na kuandika nota. Ikisikia sauti ya uzi inaweka rangi. Ikisikia mgongano tu, kitu kimegonga, inaweka zambarau. Nikafikiri ni utundu wa Mzee Wekhomba, nikaacha."

"Hata mimi sijui ni nini," alisema Perpetua, na hilo lilimuuma zaidi ya kuzomewa. Maana kama ni yeye aliyepiga, mbona hajui?

15. Redioni, Jumatano asubuhi, Perpetua akipinda upindo wa sketi

MTANGAZAJI: Mzee Livingstone, vijana wanalalamika. Zile nota kumi na moja wanazoziita Ukuta, zilitoka wapi?

MZEE: (anacheka) Ah! Huo ni ukucha. Ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa nagonga gitaa hivi, tik, kwa utundu. Ni siri ya fundi, mwanangu.

MTANGAZAJI: Na hakuna aliyewahi kuziweza?

MZEE: Hata mimi leo siziwezi! (anacheka tena)

16.

Sindano ilimchoma Perpetua. Haikuwa imemchoma kwa miaka sita.

17.

Mchana huohuo Livingstone alikuja. Alikuja kistaarabu, na sukari na majani ya chai kwenye mfuko, kama mgeni anavyokwenda kwa watu. Alikuwa amenyooka bado, kofia yake ya manyoya mkononi.

"Perpetua."

"Livi."

Hakuna mtu mwingine aliye hai anayemwita Livi. Alikaa. Alikunywa chai. Waliulizana habari za wajukuu, magoti na mahindi, mpaka habari zikaisha.

"Nimesikia umeandika barua."

"Niliandika."

"Tumezeeka, Perpetua. Watu wamelizoea jina moja."

"Ulisema toleo la pili," Perpetua alimwambia. "Mwaka ule. Ulisema jina la mwanamke kwenye gitaa litatuletea maneno, tungoje, toleo la pili tutaliweka. Nikakubali. Sikulia hata kidogo. Sasa toleo la pili ndilo hili."

Livingstone alikizungusha kikombe. Hapa nitakuwa mkweli kwako: hakuwa anadanganya. Ameueleza wimbo ule kwenye harusi, kwenye mazishi, kwa watalii na kwa wajukuu, mpaka mikono yake mwenyewe ikaamini. Mtu akirudia kitu miaka arobaini na minane kinageuka nyama ya mwili wake.

"Mimi nakumbuka nikipiga," alisema, na macho yake yalikuwa na wasiwasi wa kweli.

"Basi Jumamosi utanitazama."

"Ile ni gemu, Perpetua. Plastiki ile. Itathibitisha nini?"

Perpetua aliinua birika. Alimwongezea chai.

18. Jumatano, jioni kibandani

58 kwa mia. Ukuta: 0 kati ya 11.

"Nimegundua shida yako," Fidelis alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake saa nzima, akiwa ameacha wateja wajihudumie. "Hukosi ovyo. Unakosa palepale kila mara. Hapa kwenye kijani unapiga manjano. Hapa wimbo unachelewa kidogo, wewe huchelewi. Unapiga vizuri kuliko wimbo."

"Hapo pa kijani nilikosea. Studio nilikuwa na woga, kidole kikateleza."

"Na ukafanya nini?"

"Nimekuwa nikipasahihisha."

"Tangu lini?"

Perpetua alifikiri. Gitaa aliliuza alipoolewa. Lakini kila siku, miguu ikikanyaga cherehani, mkono wa kushoto ukisukuma kitambaa, wimbo ulikuwa ukipita kichwani na vidole vikiupiga juu ya nguo. Kila mwaka aliondoa kosa moja. Mahali alipokimbia alipunguza mwendo, mahali alipoteleza aliweka kidole vizuri.

"Tangu 1976," alisema.

Fidelis alivua kofia. "Basi Mama, lazima ukosee upya. Mashine inamtaka yule msichana. Huyu wa leo haimtaki."

19. Orodha ya makosa aliyojifunza tena, Alhamisi

sekunde ya kumi na tisa: kuteleza

dakika moja na sekunde nne: kuharakisha, maana mpiga ngoma alikuwa amemkonyeza

dakika moja na sekunde hamsini: kusahau nota moja, kabisa, kwa sababu taa nyekundu ya studio ilimulika machoni

dakika mbili na kidogo: furaha (haina nota, lakini inavuta mkono mbele)

dakika tatu na sekunde thelathini na nane: kubonyeza kijani badala ya manjano. Kosa kubwa kuliko yote. Kosa alilolichukia miaka yote hiyo.

20.

Alhamisi: 83.

Ijumaa asubuhi: 83.

Ijumaa saa sita: 83.

Ijumaa saa tisa: 83. Ukuta: 0 kati ya 11. Daima sifuri. Angalau moja ingebahatika, jamani!

21. Ijumaa, saa kumi na moja jioni, nyumbani

Jua lilikuwa bado liko dirishani. Alivua mkanda wa cherehani gurudumu lizunguke bure, akakaa, akaanza kukanyaga. Ka-ta-ka-ta. Hiyo ndiyo ngoma aliyojifunzia gitaa, sasa nakwambia. Kabla ya bendi, kabla ya mpiga ngoma yeyote, alikuwa akipiga kwa kuufuata mguu wake mwenyewe.

Joto lilikuwa jingi na kile kitambaa cha buluu kilimbana mkono. Akafungua mafundo mawili. Bangili ikateremka mpaka kwenye kifundo, mahali pake pa kila siku.

Akaukunja mkono wa kushoto juu ya shingo ya gitaa ambalo halikuwepo. Mkono wa kulia akauachia ukingo wa meza. Chini. Juu. Chini. Juu.

Tik.

Mguu ulisimama.

Akakanyaga tena. Mkono ukishuka, kimya. Mkono ukirudi juu kwa haraka, kama unavyorudi mtu akishika kasi, bangili inachelewa nyuma yake, halafu inagonga mbao.

Tik.

Katikati ya midundo.

Perpetua Nasimiyu aliziba mdomo kwa mkono wenye bangili. Machozi yalimtoka, na kicheko pia, na majirani wakafikiri ana wageni.

22. Jumamosi, Ukumbi wa Mahindi. Dondoo za kumbukumbu rasmi

Saa saba na robo: Mashindano yalifunguliwa kwa sala.
Saa saba na nusu: Mgeni wa heshima alikaribishwa mezani, mbele, akawekewa kipaza sauti ili atoe maoni.
Saa saba na dakika arobaini hadi saa tisa na nusu: Washiriki kumi na wanane walicheza. Alama ya juu: 91. Ukuta: wote sifuri.
Saa tisa na dakika arobaini na moja: Aliitwa mshiriki wa mwisho.

23.

Alipanda jukwaani na gauni la manjano alilolishona usiku wa sikukuu moja ya zamani, viatu vya chini, nywele zimefungwa. Ukumbi ulishangilia kidogo, shangwe ile ya kumpa moyo mzee. Alimwona Livi mezani, kofia imelala mbele yake kando ya kipaza sauti. Kando ya kofia kulikuwa na karatasi ya majina. Aliijua. Alikuwa ameitafuta kwa macho tangu alipoingia.

Mwamuzi alimnyooshea gitaa la plastiki, kisha akalirudisha nyuma.

"Samahani, Mama. Bangili."

"Haivuliwi."

"Tuna sheria. Kitambaa basi, nimeambiwa huwa unafunga kitambaa."

"Leo sifungi."

"Nitalazimika kukuondoa mashindanoni."

"Niondoe," alisema Perpetua. "Niondoe kabisa, sitaki kikombe chenu. Lakini nina dakika nne na sekunde sita. Nipe hizo, halafu uniondoe."

Kutoka nyuma ya ukumbi sauti ya Fidelis ilipaa: "Mpe! Mpe Mama acheze!" Na vijana wa kibandani, wale aliowashonea sare za darasa la kwanza, wakadaka: "Mpe! Mpe! Mpe!"

Mwamuzi alitazama meza. Meza ilitazama mgeni wa heshima. Livingstone, mstaarabu siku zote, aliinua kiganja: mwacheni.

24.

0:00

Gitaa peke yake, likikoroma. Vidole vyake vimeshafika.

0:19

Anateleza. Mashine inashangilia.

1:04

Anaharakisha. Anamwona mpiga ngoma, marehemu sasa, akimkonyeza. Naye anamkonyeza.

1:50

Anasahau. Anasahau *vizuri sana*.

2:20

*Mlima unawaka, nani kaubeba moto,* inaimba sauti ya Livi akiwa kijana, na Livi mzee mezani anaimba nayo midomo tu.

2:40

Ukumbi wote unajua kinachokuja. Watu wamesimama. Mtu amemziba mwenzake macho.

2:47

25.

tik

          tik

     tik

                    tik

Spika zilitoa tik ya santuri. Mkono wake ulitoa tik ya shaba kwenye plastiki. Zilikuwa moja.

               tik

  tik

                         tik

Sasa walisikia wote. Hata wale wasiojua gemu, hata mama wa kuuza karanga mlangoni. Hakuwa akiufuata wimbo. Mkono wake ulikuwa *ndani* yake, ukienda na kurudi, na bangili ikichelewa kama ilivyochelewa siku ile, kwa sababu ni bangili ileile, kwenye mkono uleule.

          tik

tik

                 tik

26.

(ya kumi na moja)

27.

"NILIKWAMBIA UIVUE!"

Sauti ilitoka kwenye spika za ukumbi, juu ya gitaa, juu ya ngoma. Watu walidhani ni sehemu ya wimbo.

Ilikuwa ni ya mgeni wa heshima. Livingstone Wekhomba alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, mkono mmoja mbele amenyoosha kidole, na kipaza sauti kikiwa wazi puani pake. "Perpetua! Nilikwambia uivue hiyo bangili! Inaingia kwenye mkanda! Nimekwambia mara ya pili sasa, ivue..."

Akasikia alichosema.

Nataka uuone uso wake hapo. Hakukamatwa kama mwizi anavyokamatwa. Alikuwa kama mtu aliyefungua chumba nyumbani kwake mwenyewe na kukuta kuna dirisha. Alitazama mikono yake, hii na hii. Kisha alitazama ya Perpetua, inayokwenda. Akakaa, na kwa kuwa kiti hakikuwepo, akakaa sakafuni, na hapo sakafuni akaanza kucheka na kulia.

"Ni yeye," alisema kwenye kipaza sauti alichokuwa amekishika bado. "Jamani, ni yeye. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa studio nikifoka. Nakumbuka sasa. Mimi nilikuwa *nafoka*."

Ukumbi ulilipuka. Mimi sina neno lingine na sitalitafuta.

28.

Lakini wimbo ulikuwa haujaisha, na Perpetua hakuwa amegeuka. Kazi ni kazi.

3:38. Nota ya kijani ikateremka. Lile kosa. Woga wa msichana wa miaka ishirini na miwili, umegandishwa kwenye santuri, na mashine inaudai.

Alijua anachotakiwa kufanya. Alikuwa amekifanyia mazoezi siku mbili.

Akabonyeza manjano.

*Buu,* ilisema mashine.

"Buu mwenyewe," alisema Perpetua.

29. Kilichoandikwa kwenye skrini, saa tisa na dakika hamsini

WIMBO: Mlima Unawaka
BENDI: Radi Tano (Kitale, 1976)
GITAA: L. Wekhomba
NOTA ULIZOPATA: 99 kwa mia
UKUTA: 11 kati ya 11
MATOKEO: REKODI MPYA
ANDIKA JINA LAKO (herufi tatu)
\_ \_ \_

30.

"Herufi tatu?" aliuliza. Fidelis alikuwa ameshafika jukwaani, anatweta, miwani imejaa ukungu.

"Tatu tu, Mama. Mashine haina nafasi zaidi."

Nyuma yao watu mia tatu walikuwa wakilipiga jina lake kwa miguu na mikono, lote, silabi kwa silabi, Per-pe-tu-a Na-si-mi-yu, wengine wakigonga viti kwa funguo, kwa pete, kwa bangili zao, tik, tik, kila mtu katikati ya mdundo wake. Alisimama hapo akilisikiliza. Hakuwahi kujua kwamba lina urefu ule.

"Ngoja," aliiambia mashine.

31. Dondoo za kumbukumbu rasmi, mwisho

Saa tisa na dakika hamsini na nne: Mshiriki wa mwisho aliondolewa mashindanoni kwa kuvunja sheria ya mavazi. Ukumbi ulipinga. Uamuzi unabaki.
Saa tisa na dakika hamsini na sita: Mgeni wa heshima aliomba ainuliwe.
Saa tisa na dakika hamsini na saba: Mgeni wa heshima aliomba karatasi ya majina.
Saa tisa na dakika hamsini na nane: Mgeni wa heshima aliomba kalamu.

32.

Alipewa kalamu ya karani. Alikata mstari mmoja juu ya jina lake mwenyewe, mahali palipoandikwa *Gitaa*, akalihamishia chini, kwenye *Sauti*, ambako ndiko lilikostahili tangu mwanzo. Perpetua alikuwa ameshuka jukwaani na kusimama upande wa pili wa meza, gitaa la plastiki bado limening'inia begani, hajakumbuka kulivua.

"Litatuletea maneno," Livi alisema bila kuinua kichwa.

"Na yaje."

"Niandike na bangili?"

Perpetua aliitazama ile shaba. Kisha akautazama ukumbi, wale wasichana wa mbele waliokuwa wakipiga hewa kwa mikono ya kulia, wakijaribu kuupata ule mrudio wa mkono, chini, juu, chini, juu. Mmoja wao alikuwa karibu kabisa kuupata.

"Andika gitaa kwanza," alisema.

Saa ya ukutani ilibakisha dakika moja. Livingstone Wekhomba aliinama juu ya nafasi tupu, akaandika

P